Ukurasa wa Supu

Kama huamini, ukifika Durban panda taxi ya Pinetown, shuka Queensburgh, ukaguse zulia la Mama Goreth kwa mkono wako mwenyewe. Limeloa mpaka leo, na bahari iko mbali.

Goreth alisuka watu nywele mjini Durban mpaka vidole vikagoma. Alipoacha kazi, akaanza kukusanya magazeti ya katuni ya wasichana ya Kijapani, yale ya zamani, karatasi zimegeuka manjano na macho ya wasichana ni makubwa kama visosi. Yalikuwa yakisahauliwa chini ya viti vya magari yaliyotumika kutoka Japani, na mpwa wake Armel, aliyeuza magari hayo, alimwekea kila alichookota.

Hadithi moja iliendelea kutoka gazeti hadi gazeti. Kijapani Goreth hakukijua hata salamu, alifuata picha. Alianzia kushoto, kama mtu anavyofungua Biblia. Msichana akatoka baharini, nywele zikichuruzika, akapanda njia, akafika kwa mama yake, wakakaa mezani kunywa supu.

"Wajapani wanajua kufariji mtu," akasema Goreth, naye akampa msichana jina: Gracieuse.

Kesho yake akakuta taulo limeloa. Kisha, kwenye kitana chake, nywele ndefu nyeusi, nyoofu, ambazo hakuna mteja wake aliyewahi kuwa nazo bila kuzinunua. Akafungua gazeti. Pale alipokuwa amekaa Gracieuse palikuwa peupe, kama pengo la jino.

Mwingine angemwita mchungaji. Goreth aliongeza sahani. Tangu afiwe na mume, hakuwa amekula akitazamana na mtu.

Jumamosi moja mchana Armel akaingia na gazeti la hadithi ile lililokuwa likikosekana.

"Tantine, nani iko jikoni?"

"Mgeni. Usimkodolee macho, ana haya."

Armel akacheka, akachukua gazeti la supu lililokuwa mezani. "Eish! Kumbe unasoma kinyumenyume! Bosi wetu Mjapani alinionyesha, hawa wanaanzia kulia. Ona: hapa wanakula. Hapa mtoto anainuka..."

Jikoni kijiko kikaanguka.

"Armel, funga."

"Hapa anashuka njia..."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kwenye zulia nyayo za maji zikajichora, moja mbele ya nyingine, zikielekea nje.

"Huyu hatoki majini, Tantine. Anaingia!"

Goreth alimrukia kama kijana, akamnyang'anya gazeti, akazirudisha kurasa upande wake huku akisema kwa sauti: "Anatoka. Anapanda. Anafika." Nyayo zikasita ngazini. Zikageuka. Kijiko kikagonga sahani tena.

Armel akafungua lile gazeti alilokuja nalo kuanzia kushoto, kama shangazi yake. Gracieuse alikuwa mdogo. Ukurasa uliofuata, mdogo zaidi. Kisha kitoto mgongoni. Kisha mama peke yake, tumbo limebonyea.

"Tantine, huku nako anaisha. Kule bahari, huku hajazaliwa."

Goreth alitoa sindano yake ya kupinda ya kushonea weaving, zile nywele za bandia, na uzi mweusi, akashona kurasa zote za mbele, akashona zote za nyuma. Akaacha wazi ukurasa mmoja tu, wa supu.

"Basi. Tutakaa hapa."

"Mtu hakai kwenye ukurasa, Tantine."

"Wewe nenda ukauze magari yako."

Jumapili Goreth hakuonekana kanisani. Armel akaja kubisha hodi, akasikia ndani vicheko vya watu wawili. Alipousukuma mlango, vicheko vikakatika. Mezani hapakuwa na mtu, na supu ilikuwa ikifuka moshi katika sahani mbili.

Gazeti lilikuwa limelala wazi. Gracieuse alikuwa amerudi mahali pake, kijiko mkononi. Na mama aliyekaa mbele yake, ambaye siku zote alivaa kimono, alikuwa amejifunga kitenge cha Goreth.

Armel alinyoosha mkono, akaurudisha. Akatoka kwa kunyata, akaufunga mlango taratibu, asije akawakatiza wanaokula.