Ulimi wa Shangazi

Hili hamtaliamini, lakini nililiona kwa macho yangu, simu ikiwa mkononi: shangazi yangu, mwenye kiwanda cha maziwa, aliutega ulimi wake mwenyewe.

Kila asubuhi, kabla magari hayajatoka, shangazi huonja. Akisema "safi", tangi linafunguliwa. Akikunja uso, maziwa yanamwagwa. Wafanyakazi wanamwita Bi Ulimi, ila si mbele yake. Majibu ya maabara huja kesho yake, na maziwa hayangoji kesho. Ndiyo maana, kwa miaka, mtambo wa akili bandia ulipima kila alichoonja, ukajifunza hukumu zake moja moja. Tuliuita Mwanafunzi. Mtambo ukihisi kasoro, hutuma ujumbe kwenye simu yangu.

Siku hiyo ulituma: yasitoke.

Shangazi akapiga funda. "Safi."

"Mmesikia?" baba mdogo, msimamizi wa magari, akadakia. "Dada, shule zinasubiri. Huyo Mwanafunzi leo kaamka vibaya."

"Labda anataka kupandishwa cheo," dereva akasema. Watu wakacheka.

Shangazi hakucheka. Alichukua simu yangu, akausoma ule ujumbe taratibu, kama mtu aliyekutana na mwandiko wake wa zamani.

"Huyu nimemfundisha mimi. Hajui uonjaji mwingine ila wangu." Kisha akanigeukia. "Wewe, njoo ofisini. Funga mlango."

Alifungua friji ndogo. Humo huwekwa maziwa yaliyochacha, ya kuwafundishia waajiriwa wapya.

"Mimina haya kikombe kimoja, na yale mazuri ya jana kikombe kingine. Usiniambie kipi ni kipi."

Akageukia ukutani. Nikamimina, harufu ya yale yaliyochacha ikanipanda hadi machoni. Akaonja cha kwanza. Akaonja cha pili. Akarudia cha kwanza.

"Hiki ndicho kizuri," akasema, akanishikisha kile kilichochacha.

Nikatazama simu. Haikuwa na lolote la kunisaidia.

"Kumbe ile homa niliyougua imeniondolea ladha na harufu," akasema, kwa sauti ya msoma utabiri wa hali ya hewa. "Na mpishi wangu nilimfukuza bure, nikidhani chakula chake hakina ladha."

Aliosha vikombe mwenyewe. Maziwa ya tangini yamwagwe, alisema. Hilo halikumsumbua hata kidogo. Lililomkalia kooni ni jingine.

"Waambie nimeonja tena, ulimi umeyakataa."

"Na kesho je, shangazi? Mtambo ukikosea, nani ataubishia?"

"Na leo wakijua, nani atanunua chupa yenye sura yangu? Hao wote nje watakula wapi?"

Shangazi alijifuta mikono, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Au sema utakavyoona wewe," alisema hatimaye. "Hukumu yangu leo imeshaniangusha. Sitaki iniangushe tena."

Akakaa, akanipa mgongo.

Nilifungua mlango. Baba mdogo alikuwa ameshika koki ya tangi, dereva ameshawasha gari, na wengine wote wamenikazia macho.

"Haya mwanangu," baba mdogo akasema, "ulimi umesemaje?"

Ungekuwa wewe umesimama pale mlangoni, ungewajibu nini?