Mtoto wa Kalongo

Likizo ya Agosti, mwaka wa 2004, Nyaguthii alitoka Kibomet akaenda Naitiri kumsaidia binti yake aliyejifungua. Alienda na mjukuu wake mwingine, Waithera wa miaka minne, na daftari jipya la kuandikia Kibukusu, lugha ya huko. Bilha, mama wa mkwewe, hakujua Kikuyu, na Kiswahili chake kiliishia "kalibu chai". Nyaguthii alitaka kitu kimoja tu: kuketi na huyo mwenzake, wapige stori za wajukuu bila mkalimani.

Kila asubuhi alikariri maneno, akayapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Bilha akitokea tu na sufuria ya uji, yote yanatoroka. Anabaki kutabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Waithera hakuandika chochote. Wiki mbili aliwatazama watoto wa boma, kimya. Wiki ya tatu akaanza kugombana nao kwa Kibukusu, mikono kiunoni.

"Wewe, nani amekufunza?"

"Hakuna."

"Ati hakuna? Umejuaje?"

"Si tunacheza, cucu!" Waithera akamjibu nyanya yake.

Basi Nyaguthii naye akaenda kucheza. Watoto walikuwa wakipika kalongo, chakula cha kuigiza, nyuma ya ghala: matope kwenye mikebe, majani ndiyo sukuma wiki. Mama alishapatikana, baba pia. Wakashauriana.

"Cucu, wewe ni mtoto," Waithera akamwambia.

Akakalishwa chini, miguu imenyooshwa. Akaambiwa kwa Kibukusu afungue mdomo, akafungua. Akaambiwa anawe, yeye akalala. Akachapwa kidogo na jani la mgomba, akaonyeshwa maji. Hakuna aliyemcheka. Mtoto mchanga atajua nini?

Siku ya nne alikuwa chali, amefunikwa leso hadi kidevuni, "mama" yake wa miaka sita akimlazimisha uji wa matope. Nyaguthii akapiga kelele kwa Kibukusu kwamba ameshiba, hataki, anataka nyanya yake!

Kumbe Bilha alikuwa amesimama pale na ungo wa mahindi. Alicheka hadi akashika ukuta wa ghala, akasema neno.

"Cucu, ati unaongea kama katoto ka miaka mbili," Waithera akaeleza.

"Mwambie nimezaliwa juzi."

"Mwambie mwenyewe, bana!"

Akamwambia. Akakosea, akarudia. Bilha akapangusa machozi, akaketi, akaweka ungo katikati yao, akamuuliza jambo refu. Nyaguthii alishika nusu yake. Akachukua hindi, akaanza kupukuchua, akamuuliza hiyo nusu nyingine.