Pedali Iitwayo Shangazi

Kaka yangu alitoa tangazo lake huku akifunga kamba za viatu, ili lionekane dogo.

"Baada ya sherehe ya kiwandani, besi tutaipumzisha," akasema. "Binamu atazipiga noti za chini kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda. Bendi nyingi siku hizi zinafanya hivyo. Mtu mmoja anapungua, mgawo unaongezeka."

Bendi yetu ina watu wanne. Kaka anapiga gitaa na kuimba, na kwa sababu hiyo tunamwita Mkurugenzi, jina tulilompa kwa kejeli naye akalipokea kwa shukrani. Binamu yetu yuko kwenye kinanda. Mimi napiga dramu. Gitaa la besi analipiga mume wangu, ambaye watu wote wanamwita Taratibu kwa vile hajawahi kuharakisha jambo lolote maishani, hata kunichumbia. Kidogo tu nijichumbie mwenyewe.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaambiwa mbele ya mkewe kwamba atapumzishwa. Alizungusha waya wake vizuri, akaufunga, akalibeba gitaa mgongoni, tukaenda nyumbani. Tulipofika jikoni ndipo akasema, "Shemeji hanisikii. Tatizo ni hilo tu. Angekuwa ananisikia asingesema vile."

"Nani anayesikia besi?" nikamtania. "Hata mimi mkeo naona tu kichwa kinatingishika."

Alicheka, lakini nilimwona usoni kwamba ameumia. Besi ndiyo kitu pekee ambacho mume wangu anakipenda bila kuombwa. Mchana anapima macho ya watu wanaotaka leseni za udereva, anawauliza hii ni herufi gani na ile ni herufi gani, jioni anarudi nyumbani hana la kusimulia. Ukimwondolea besi utabaki na mtu anayekaa kwenye kochi akitazama ukuta, na kochi lenyewe ni langu. Nikaamua kwamba asikike, hata ikibidi tuazime king'ora.

Yeye alikuwa na wazo lake tayari. Alitaka pedali ya fazi, yaani kile kisanduku cha chuma ambacho mpiga gitaa hukikanyaga kwa mguu na sauti ikaanza kukwaruza na kunguruma. Tulikwenda kwanza kwenye duka kubwa la ala za muziki. Pale pedali ilikuwa imefungiwa ndani ya kioo, ina taa yake ya kuimulika. Bei yake ilikaribia ya friji, na friji angalau inatunza maziwa. Tukamshukuru muuzaji, tukatoka kama watu waliosahau kitu kwenye gari, ingawa gari hatuna.

"Kuna watu wanazitengeneza wenyewe nyumbani," Taratibu akaniambia. "Bei yao ni ya binadamu."

Hao watu wa bei ya binadamu, jamani, wana vituko. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri kuliko nywele zangu. Hakutuuzia. Alitutaka kwanza tueleze kwa nini tunastahili pedali yake, kisha akatwambia foleni imefika mwakani. Nikamuuliza mbele yetu kuna watu wangapi. Akasema ni wawili, ila yeye hutengeneza akipata hisia.

Wa pili alikuwa fundi wa mageti ya umeme. Huyu hakuwa na maringo, na bei yake ilikuwa nzuri hata nikamwambia Taratibu asiulize mara mbili. Tukachomeka besi, Taratibu akakanyaga, na kutoka kwenye spika tukasikia sauti ya mwanamume akisoma bei za vitunguu. Pedali ilikuwa inanasa redio.

"Hiyo ni nyongeza," fundi akasema bila hata kupepesa macho. "Sitozi."

Taratibu alimsikiliza yule mtangazaji hadi mwisho, kwa kuwa vitunguu vilikuwa vimeshuka bei. Nilimvuta shati tukaondoka. Yule fundi hakununa, alituelekeza kwa dada mmoja mwenye duka la miwani, akasema yule ndiye mwenye mkono mtulivu.

Dada wa miwani alikuwa na chumba cha nyuma, nafasi ya watu wawili na nusu, kinanuka waya ulioungua. Pedali zake alizijenga ndani ya makasha ya zamani ya chuma ya kuwekea miwani, akayapaka rangi ya kucha iliyobaki. Na kila moja alikuwa ameipa jina la ndugu yake aliyewahi kumkera.

"Huyu ni Mama Mkwe," akasema, akiigonga ya zambarau. "Anachelewa kuanza, ila akianza hamalizi. Huyu ni Mjomba, ahadi nyingi, sauti kidogo. Na huyu mwekundu ni Shangazi. Shangazi anasikika mpaka kwa jirani."

"Nataka Shangazi," Taratibu akasema. Sijawahi kumwona akiamua haraka namna ile. Nilikaribia kuona wivu.

Alimjaribu kwenye spika ndogo ya pale chumbani, isiyozidi sanduku la viatu. Shangazi alikwaruza hadi miwani ya dukani ikatetemeka kwenye rafu. Mume wangu akatabasamu hadi ufizi.

"Lakini niwaambie ukweli," dada wa miwani akasema, huku anapokea pesa, ambazo kwa kweli zilikuwa za jozi moja tu ya viatu. "Mimi najaribu kwa gitaa la kawaida. Besi sina, na spika kubwa sina. Mkimwona Shangazi ana kasoro, mrudisheni nimrekebishe. Sitanuna."

Hatukuona kasoro. Nyumbani tuna spika ndogo kuliko ile, na Taratibu aliapa kwamba Mkurugenzi asijue kitu mpaka siku yenyewe. Alitaka amshtue. Alifanya mazoezi sebuleni huku mimi nimeziba masikio kwa pamba, na kila akimaliza alikuwa ananiuliza, "Unanisikia?" Majirani wote walikuwa wanamsikia.

Siku ya sherehe ikafika. Kiwanda cha magodoro kilikuwa kinamuaga mhasibu wake mkuu anayestaafu, mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye gauni la njano na viatu vya kamba. Meza za bwalo zilisukumwa ukutani, hotuba zikasomwa, na mchana ule ule, jua bado linaingia madirishani, tukaanza kupiga. Mhasibu hakungoja kuombwa. Aliingia katikati akifuatwa na idara yake nzima, na kwa wimbo wa kwanza na wa pili sakafu ilijaa hadi wapakizi wa stoo wakawa wanachezea mlangoni.

Wimbo wa tatu, Taratibu alinitupia jicho, akanyanyua mguu, akamkanyaga Shangazi.

Sasa pale kiwandani spika zilikuwa kubwa, za kukodi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya msumeno unaokata bati. Mkurugenzi aliruka kama aliyekanyagwa yeye. Watu wote waligeuka kumtazama mpiga besi, kwa mara ya kwanza tangu bendi iundwe, na wengine wakapiga makofi. Mume wangu alisikika. Nilitaka kumshangilia kwa dramu, lakini nikashindwa. Nilijihisi kama mtu aliyevutiwa kiti. Mguu wangu wa kulia, ule unaopiga ngoma kubwa, ulikuwa unagonga peke yake, haujui unamgongea nani.

Kumbe Shangazi alikuwa amepandisha sauti yote juu na kwenye noti za chini hakubakiza chochote. Kwenye vile vispika vidogo hatukuweza kugundua, kwa sababu huko chini hakukuwa na kitu tangu mwanzo.

Mhasibu ndiye aliyesimama wa kwanza. Alitazama viatu vyake, kama vile vimemwangusha. Akasema ni magoti, akaenda kukaa. Mwingine akakumbuka maji, mwingine akakumbuka kwamba hajamsalimu bosi. Hakuna aliyekasirika wala kulalamika, waliacha tu kucheza, na sakafu ikabaki na mpakizi mmoja ambaye nadhani alikuwa amevaa miwani, na simaanishi ya dukani bali ya pombe.

Taratibu akautoa mguu. Sauti ya besi ikarudi, ile nene isiyotafuta sifa, na mimi nikapata pa kukaa. Kabla ubeti haujaisha, mhasibu alikuwa ameinuka tena, magoti yamepona.

Mume wangu akanitazama. Nikamtazama. Watu waliooana siku nyingi huongea kwa nyusi, na nyusi zake zilikuwa zinaniuliza, umeona nilichoona? Nikamjibu, rudia.

Wimbo uliofuata akakanyaga tena. Sakafu ikamwagika kama maji ya beseni, kila mtu na njia yake. Mkurugenzi akaanza kutokwa jasho. Alipiga teke waya, akatazama taa kama umeme umepungua, kisha akanigeukia mimi, "Dada, umesinzia?" Nilikaribia kumrushia kijiti. Halafu akapata wazo, akamwashiria Binamu ajaze chini kwa mkono wa kushoto.

Binamu alijitahidi, masikini, simlaumu. Mkono wa kushoto ulipoingia, wa kulia ukapotea njia. Aliporudisha wa kulia, wa kushoto ukawa unamfuata kama mtoto anayejifunza kutembea. Ulimi ulimtoka nje kwa bidii. Mhasibu, akiwa kwenye kiti, aliinamia jirani yake nikamwona anauliza saa.

Mguu ukatoka. Watu wakarudi, mhasibu mbele.

Kwa mara ya tatu Taratibu hakuwa anajaribu tena. Alisubiri hadi katikati ya wimbo ambao kaka yangu anaupenda kuliko yote, ule anaofumba macho akiuimba, akakanyaga, akabaki amekanyaga. Mkurugenzi alipofumbua macho alikuta sakafu tupu. Akaziba maikrofoni kwa kiganja, akamsogelea mume wangu huku mimi na Binamu tukiendelea kurudia kipande kilekile.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "unafanya nini hapo?"

"Nakuonjesha wiki ijayo, bila besi," Taratibu akamjibu.

Kaka yangu si mjinga, ana kiburi tu. Alimtazama shemeji yake, akamtazama Binamu na ulimi wake, akatazama sakafu, na pale pembeni yupo mwenye sherehe amekaa anajipepea kwa kadi ya pongezi.

"Toa mguu," akasema.

"Niutoe mpaka lini?"

"Shemeji, watu wanaondoka!"

"Nawaona. Mpaka lini?"

Moyo wangu ulikuwa unanidunda kuliko dramu. Nilikuwa naogopa kwamba mume wangu atalegea, atasema basi yaishe, kama alivyozoea kusema katika kila jambo. Nilimwomba kimyakimya asiutoe. Akasimama pale, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua, na kiatu chake juu ya kile kikasha chekundu, akasubiri jibu. Na kusubiri anakujua.

"Mpaka utakapochoka mwenyewe," kaka yangu akasema. "Haya. Hata ukizeeka. Toa mguu, nakuomba."

Taratibu akautoa, polepole.

Sijui niseme vipi nilichokisikia. Sauti yake iliingia kupitia sakafu, ikapanda kwenye kiti changu, ikanishika kiunoni, na nikaona aibu na furaha kwa pamoja, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akinishika miaka yote nami nilidhani ni mimi mwenyewe ninayejua kupiga. Machozi yalinitoka. Nikayaacha, kwani mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Mhasibu alikuja mbio na gauni lake la njano, ameiacha kadi kwenye kiti. Mkurugenzi akarudi kwenye maikrofoni, akili imeruka, akaimba ubeti mzima kwa maneno ya wimbo mwingine. Hakuna aliyegundua. Watu walikuwa wanacheza.