Ulimi Uliopimia Sabuni

Mtaani walimwita Bi Ulimi, na si kwa sababu ya maneno, ingawa maneno nayo hakupungukiwa. Kwa miaka kumi na tisa yeye na mdogo wake walipika sabuni ya mche katika vyumba viwili vya uani, na kazi waligawana tangu siku ya kwanza. Mdogo alipima mafuta ya nazi na ya alizeti, akakoroga na magadi makali, akatia rojo la parachichi mchanganyiko ulipoanza kuwa mzito, maana likitiwa mapema huungua na sabuni nzima hutoka na rangi ya tope. Mkubwa ndiye aliyesema imeiva. Sabuni ikishakaa rafuni wiki nne, alichukua kipande akakigusa kwa ncha ya ulimi. Kikiuma, magadi bado yamo. Kisipouma, kinakwenda kwa watu. Wateja walitaka neno lake, na yeye alilipenda jambo hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kisha akaugua homa. Alipoinuka kitandani, chumvi, ndimu na pilipili vyote vilikuwa sawa na karatasi mdomoni. Hakumwambia mtu. Alijikaza kisabuni, na kila alipoletewa kipande alikigusa kwa ulimi, kama zamani, akasema, "Imeiva." Ikapita miezi mitano bila mteja hata mmoja kulalamika. Akaanza kujidanganya kwamba macho yake yamejifunza kazi ya ulimi.

Asubuhi moja, akitafuta ufagio, alisogeza madebe matupu ya mafuta stoo na kukuta rafu fupi asiyoijua. Palikuwa na mafungu mawili ya sabuni, na vikaratasi vya tarehe vya mafungu mengine yaliyokwisha kuondolewa. Tarehe alizitambua zote. Ndizo siku alizosema imeiva. Katika kila fungu kipande kimoja kilikuwa kimekwanguliwa pembeni kwa ukucha, na hivyo ndivyo mdogo wake alivyoonja vitu tangu utotoni.

Mdogo mwenyewe akamkuta amesimama hapo.

"Tangu lini?" Bi Ulimi akauliza.

"Tangu homa, dada. Nilikutilia chumvi kwenye chai kwa kukosea, ukanywa yote ukanishukuru. Basi nikawa naonja nyuma yako, na zinazouma nazificha hapa mpaka ziive."

"Miezi mitano unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Ningekwambia, ungeacha kazi. Mimi kupika peke yangu siwezi."

Bi Ulimi alikasirika, halafu akaona haya, na haya ilimuuma kuliko hasira. Sabuni zile huogeshewa watoto wachanga. Kama si ukucha wa mdogo wake, ngozi zao zingechubuka, na sababu ingekuwa yeye na kiburi chake.

Kabla hajajibu, mkunga wa zahanati akabisha hodi. Alikuwa amefuata sabuni za mwezi huo, zile zilizokuwa bado kwenye rafu kubwa. Kama kawaida yake akachukua kipande na kumkabidhi Bi Ulimi kwa mikono miwili.

"Haya mama, tupe neno lako."

Bi Ulimi akakigusa kwa ulimi. Hakusikia kitu. Alijua kwamba akisema imeiva, mdogo wake atanyamaza, atasingizia kwamba karatasi za kufungia zimekwisha, na mkunga atapelekewa mzigo siku nyingine, ukiwa salama. Heshima yake ingebaki vilevile. Alichotakiwa kufanya ni kusema neno moja alilokwisha kulisema mara elfu.

Akapiga moyo konde.

"Ulimi wangu umekufa tangu nilipougua," alisema. "Sisikii chochote. Anayewapimia siku zote hizi ni huyu."

Akampa mdogo wake kile kipande. Mdogo alikitazama kwanza, machozi yakimlengalenga, kisha akakikwangua pembeni na kuonja. Uso ukamkunjika.

"Bado," alisema kwa sauti ndogo. "Wiki moja zaidi."

 Kwa mazoea ya miaka mkunga akamgeukia mkubwa, akisubiri athibitishe.

"Usinitazame mimi," Bi Ulimi akamwambia. "Umeshaambiwa."