Uso wa Naliaka na Maji ya Moto

Pale Kenyatta Market, Nairobi, wasusi wana desturi yao. Kichwa kimoja huweza kushikwa na wasusi watatu kwa pamoja, lakini mmoja tu ndiye mwenye kichwa: yule aliyepigiwa simu na mteja. Kazi ikiisha, ni yeye anayechovya ncha za rasta kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke. Naliaka alikuwa amechovya miaka mingi, na wateja walimfuata kutoka mitaa ya Woodley hadi Jamhuri.

Mwaka huo uso ukaanza kumsumbua. Mvuke ukimpiga tu, mashavu na pua viliwaka kama vimepakwa pilipili. Vipele vidogo vikatoka, macho yakamwasha kana kwamba yameingiwa na mchanga. Nzisa, msusi mwenzake, alimhurumia akamletea krimu kutoka kwa muuza vipodozi.

"Paka hii, dadangu. Mimi ilinitoa chunusi zote."

Mwanzoni uso ulitulia, Naliaka akamshukuru Mungu na Nzisa. Lakini kila alipojaribu kuiacha, moto ulirudi mara mbili. Akapaka tena.

Siku moja mteja mgeni, Debra, alimtazama kwenye kioo. "Auntie, unajichubua ama ni ugonjwa? Hiyo kitu isinishike mimi."

"Inayoambukiza ni hiyo mdomo yako," Nzisa akamjibu.

Watu walicheka, lakini Debra alihamia kibanda kingine. Naliaka akainamisha uso.

Aliyemwelewa ni Ramila, Mama Tejas, Mhindi mwenye duka la nywele huko mjini. Mashavu ya Ramila yalikuwa mekundu siku zote, na Naliaka alidhani ni afya tu. Naliaka alipoenda kununua nywele wiki hiyo, Ramila alimsogezea kiti kivulini, akampa maji baridi badala ya chai, akangoja wateja watoke ndipo akauliza.

"Naliaka, uso yako inaungua kama yangu?"

"Yako? Mama Tejas, si wewe ni mrembo tu?"

Ramila akacheka. "Mrembo! Hii ni ugonjwa, iko na jina. Enda kwa daktari ya ngozi, na ubebe krimu yoyote unapaka."

Daktari alimweleza polepole. Ni rosasia. Si uchafu, wala haiambukizi. Haiponi kabisa, ila hutulizwa, na mtu huishi nayo. Kwenye ngozi nyeusi wengi hawaitambui kwa sababu wekundu wake hujificha. Jua, chai ya moto, pilipili, mvuke, hata hasira huweza kuiamsha. Na ile krimu ilikuwa na steroidi kali. Ndiyo iliyochochea moto. Akampa dawa nyingine na mafuta ya kujikinga na jua, akamwomba awe na subira.

"Na maji yanayochemka, mama, uachane nayo."

Naliaka alitoka akiiwaza desturi ya sokoni. Asiyechovya ni msaidizi. Nani atampigia simu msaidizi?

Alipomsimulia Nzisa, Nzisa alishika mdomo. "Kumbe ni mimi nilikuchoma!"

"Ulinihurumia," Naliaka akasema. "Ni vile hatukujua."

Jumamosi alimaliza kichwa cha Mercyline, mteja wake wa zamani. Beseni likaletwa, mvuke ukipanda. Naliaka akasita. Nzisa akamsukuma kidogo kwa kiuno.

"Toka hapo. Simama kwa upepo."

Akachovya mwenyewe, taratibu, akikausha kwa taulo. Mercyline akashangaa.

"Nzisa, kwani sasa ni wewe nitakuwa napigia?"

Naliaka aliangalia sakafu.

"Mimi nimeshika maji tu," Nzisa akasema. "Kichwa ni ya Naliaka. Muulize yeye kama imetoka poa."

Naliaka akasogea, akapitisha vidole kwenye ncha, moja baada ya nyingine, bila haraka. Mbili zilikuwa hazijaguswa na maji.

"Rudia hizi," akasema.

Nzisa akarudia.