Taa ya Mbele Haiwaki

Daktari wa meno alikileta kichwa cha treni kimeviringishwa kwenye taulo ya kufutia mikono. Kilikuwa cha kijani, urefu wake kama kiganja, na kwenye reli za majaribio juu ya meza ya fundi kilikimbia bila kusita. Taa ya mbele tu ndiyo haikuwaka.

Fundi alianza na magurudumu. Treni hizi ndogo huvuta umeme kutoka kwenye reli kupitia magurudumu, na uchafu kidogo unatosha kuzima taa. Aliyafuta kwa spiriti; wapi. Akafungua bodi, akachomoa balbu iliyo ndogo kama punje ya mchele, akaigusisha kwenye betri, ikawaka. Akairudisha mahali pake, ikanuna. Akaufuata waya kwa mita ya kupimia, na umeme ulikuwapo njia nzima. Daktari alikaa kwenye stuli akitazama bila kuuliza kitu, kwa kuwa naye alijua adha ya kusemeshwa mikono ikiwa kazini.

Ndipo dada yake fundi alipoingia kuchukua vikombe, na taa ikawaka.

Alipotoka, ikazimika. Fundi alidhani waya umecheza, akautikisa. Dada aliporudi na kitambaa cha meza, taa ikawaka tena, nyeupe, imetulia. Fundi akamwomba arudi nyuma hadi mlangoni, mwanga ukafifia. Akamwomba asogee, ukakolea. Akapima tena kwa mita ili asije akasema asilolijua, kisha akasema hitilafu imepatikana.

"Kumbe si waya," daktari alisema.

"Si waya."

"Na huyu ni nani?"

Huyu alikuwa dada yake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlea, akifua nguo za watu mpaka vidole vikababuka kwa sabuni, ili mdogo wake akae darasani na baadaye chuo cha ufundi. Mwenyewe hakujua kusoma. Tangu wateja wa magari makubwa waanze kuja, fundi alikuwa akimwomba akae uani wageni wakiwapo, mara kwa sababu hii, mara kwa sababu ile, na yeye alikaa, asiingie ila kuchukua vyombo.

"Ni dada tu," fundi alisema.

Hakusema uongo. Lakini daktari naye alikuwa na dada nyumbani kwake, wa kupika na kupiga deki, akalielewa neno kwa namna hiyo. Fundi aliona jinsi lilivyoeleweka, akaliacha hivyohivyo. Masikio yake yalipata moto. Dada yake alimaliza kufuta meza, akabeba vikombe, na taa ikazimika nyuma yake.

Daktari akaeleza kwamba Jumamosi alasiri angekuwa na wageni, wapenzi wa treni kama yeye, na akauliza kama angeweza kumwazima huyo dada. Fundi alijibu kwamba atazungumza naye.

Alizungumza naye jioni, dada akiwa anakunja nguo.

"Ungemwambia tu," dada alisema.

"Ningemwambia nini?"

"Kwamba tumenyonya ziwa moja."

Fundi alisema mdomo ulimtangulia. Akaahidi kwamba Jumamosi angelisema mwenyewe, mbele ya watu wote. Dada akasema haya, akauliza avae nini.

Alivaa gauni la bluu alilolishona kwa ajili ya mahafali ya mdogo wake. Mke wa daktari alimpokea kwenye mlango wa jikoni, akampa aproni, na gauni likafunikwa lote. Kisha akasimamishwa ukutani na sinia, karibu na meza ya reli. Vichwa vyote vya treni viliwaka, hata viwili ambavyo havikuwa na balbu ndani. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja alisema dada wa kwake hawezi kuwasha hata redio. Walimuuliza fundi habari za magurudumu na nyaya, naye akawaeleza vizuri, maana kazi yake aliijua.

"Na huyu, fundi, ulimtoa wapi?" mgeni mwingine aliuliza.

Dada aliinua uso akamtazama mdogo wake, bila kumharakisha. Treni ilizunguka meza nzima, ikaingia kwenye handaki la karatasi, ikatoka.

"Nimekuwa naye siku nyingi," fundi alisema.

Akashusha macho kwenye reli. Dada alianza kukusanya sahani.

Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia walipoondoka, fundi kwa mlango wa mbele, dada kwa mlango wa jikoni. Fundi alipofika getini, dada alikuwa ameshatangulia barabarani. Daktari akaleta gari.

"Panda nikusogeze. Na dada je?"

Fundi aliangalia barabara. Taa zake zilikuwa zimekufa miaka mingi. Sasa zilikuwa zikiwaka moja baada ya nyingine, kila nguzo dada alipoifikia, na kuzimika alipoipita.

"Atafika," alisema. "Barabara ina taa."

Daktari aliona kwamba kweli inazo, akasema basi na Jumamosi ijayo dada aje mapema kidogo, kuna vyombo. Fundi alikubali. Walipokuwa wanampita dada, fundi aliinama kama anayefunga kamba za viatu, na mwanga ukaingia garini, ukamwangukia kisogoni, ukatoka.