Siku Mlevi Alipoacha Kuyumba

Gari la Yarrow lilikuwa na jina, na jina hilo hakulipachika yeye. Walilipachika watoto wa Garsen, ambao wakiliona tu likichomoza upande wa Minjila walikuwa wanaacha mpira wao na kukimbilia ng'ambo ya mtaro: Mlevi. Lilikuwa gari kubwa la zamani, la kupanda mchanga na kuvuka matope, injini yake ngangari, ila halikujua kwenda mbele bila kupitia kwanza kushoto, kisha kulia. Yarrow mwenyewe kinywaji chake ni chai ya maziwa, maskini wa Mungu, na jina hilo lilimkera mpaka akawa hasalimii watoto.

Mkewe Ubah alikuwa na neno moja tu kuhusu gari lile: nipe niendeshe. Alikuwa na duka lake la vitambaa karibu na stendi, alikuwa na leseni aliyoichukua Malindi bila kurudia mtihani, na tangu siku hiyo leseni ilikuwa inalala kwenye mkoba wake bila kazi. Kila akiomba funguo, Yarrow alijibu kwamba gari lile linamjua yeye peke yake. Na lililomuudhi Ubah kuliko yote ni kwamba ilikuwa kweli. Ukimwona Yarrow kwenye usukani ungedhani anasonga ugali wa harusi: mikono haitulii, anazungusha nusu kwenda huku na nusu kwenda kule, kona haijafika yeye ameshaanza kuikata, na katikati ya hayo yote anasoma dua. Mtu mwingine angejaribu, gari lingemtia mtaroni.

Basi binti yao Farhiya, aliyeolewa Madogo, akajifungua mtoto wa kike. Mjukuu wa kwanza! Akika ikapangwa Ijumaa. Yarrow akawatangazia wenzake wote kwenye mnada wa ng'ombe kwamba atakwenda na gari lake mwenyewe, na samli, na mbuzi wawili nyuma. Lakini maneno ni rahisi. Siku zikawa zinakatika na yeye kila asubuhi anazunguka gari, anapiga tairi teke, anasema leo joto kali, kesho tutaona. Ubah akasema wapande basi. Yarrow akauliza mtu mwenye gari uani anapandaje basi, watu watamwelewaje. Ubah akasema, haya, kama wewe huwezi, nitaliendesha mimi.

Hapo sebuleni walikuwepo wageni, marafiki wa Yarrow watatu na birika lao la chai, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Yarrow naye, kwa kuona ameshabikiwa, akajiachia.

"Mama Farhiya," akasema, "siku Mlevi atakapokwenda sawa mikononi mwako, funguo ni zako, na mimi nitakaa kushoto."

Tangu alinunue gari lile, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja kwa jina hilo. Wageni wakacheka tena. Ubah hakucheka. Aliwajazia vikombe, akawatazama usoni mmoja mmoja, akataka kuhakikisha kwamba wamesikia.

Kesho yake Yarrow akapanda bodaboda kwenda kukagua ng'ombe wake huko delta ya mto, alale huko siku mbili tatu. Vumbi la pikipiki halijatulia, Ubah ameshampigia simu Danson.

Danson ni fundi, kijana wa Ngao, gereji yake ni uwanja tu nyuma ya stendi, uliozungushiwa matawi yenye miiba ya mti wa mathenge ili mbuzi wasile mikanda ya watu. Alikuja, akapewa funguo ambazo Yarrow aliziacha nyumbani, akaliendesha Mlevi taratibu hadi pale, na aliposhuka alikuwa anapangusa jasho. Akamwambia Ubah akae kwenye kiti cha dereva ausokote usukani, yeye akalala chini ya gari kutazama. Ubah akausokota. Danson akasema endelea. Akaendelea. Bangili zake zikateremka mpaka kwenye kiwiko, na tairi bado hazijajua kama kuna mtu anaziita. Ubah akasikia hasira. Miaka yote hiyo anaambiwa mikono yake haifai, kumbe usukani wenyewe ulikuwa unaongea na hewa.

Danson akapiga jeki, akaishika tairi ya mbele juu na chini, akaitikisa, ikagonga kama meno ya mzee anayetafuna mahindi. Vile vyuma vya kupeleka amri ya usukani kwenye tairi, tairodi, vilikuwa vimelika ncha zote. Raba za mikono ya chini, bushi, zilikuwa zimebaki unga. Shoki za nyuma, za kumeza mashimo ya barabara, zilikuwa mapambo tu. Lakini kilichomfanya Danson atoke chini ya gari akicheka ni bolti moja juu ya boksi la usukani. Mtu alikuwa anaikaza, kila safari anaikaza, mpaka kichwa chake kimeviringika. Hakuna haja ya kumtaja mtu huyo. Alikuwa anaona gari linayumba, anakaza pale panapofikika bila kuchafua kanzu, usukani unakuwa mgumu, na gari linazidi kuyumba.

Vipuri vikaja na basi la Malindi. Danson akailegeza ile bolti kwanza, akabadilisha tairodi na shoki, akaingiza bushi mpya kwa nyundo na maneno ambayo mama mtu mzima hapaswi kuyasikia, na Ubah akajifanya hakuyasikia. Halafu akamfundisha jambo moja: bushi hazikazwi gari likiwa limening'inia kwenye jeki, zitakufa mapema. Gari lishushwe, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze mara ya mwisho. Akalishusha, akaingia chini, spana ikalia mpaka ikanyamaza. Mwisho akafunga uzi kutoka tairi za nyuma hadi za mbele, akapima zinatazama wapi, akarekebisha, akapima tena. Ubah alishinda pale siku mbili, duka limefungwa, wateja wanampigia simu, na alikuwa na furaha hata chakula hakukikumbuka.

Yarrow aliporudi na kukuta uwanja wa nyumba mtupu, alikuja gereji mbio, kilemba kimempinda. Alipoelezwa akanyoosha mkono apewe funguo. Lazima yeye awe wa kwanza kulijaribu, hilo ni gari lake, na hakuna fundi aliyezaliwa wa kulijua kumshinda. Ubah akampa.

Jamani, watu wa Garsen bado wanaizungumzia safari ile, na haikufika mbali. Yarrow alitoka uwanjani kwa Danson, akausokota usukani kwa kipimo chake cha siku zote, na gari, ambalo sasa lilikuwa linasikia, likamtii. Likaingia moja kwa moja kuelekea kibanda cha chai. Akarudisha kwa nguvu zilezile, likavuka barabara kufuata mbuzi. Mbuzi wakatawanyika kila upande, wanywaji chai wakasimama juu ya mabenchi, watoto wakapiga kelele kwamba leo Mlevi amekunywa ya jana na ya leo. Yarrow akakanyaga breki katikati ya barabara, akashuka, akasema gari lake limeharibiwa.

Danson alimsogelea kwa adabu zake zote.

"Mzee, gari limepona. Ni mikono yako ndiyo bado inaumwa."

Yarrow akataka kujibu, akaona wale wanaume watatu wa birika wamesimama kwenye umati, wanamtazama Ubah. Akaziacha funguo zilipokuwa. Akazunguka, akapanda kushoto.

Ubah akakaa, akavuta kiti, akashika usukani kama alivyofundishwa Malindi, wala hakuukoroga. Mlevi akaenda. Akapita stendi, akapita msikiti, akafika njia panda, akageuka, akarudi, na wote walioona wanasema gari lilikuwa limenyooka kama ule uzi wa Danson. Mama mmoja muuza samaki alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, wengine wakapokea. Ubah alicheka mpaka machozi yakamzuia kuona, ikabidi asimame ayafute.

Ijumaa waliondoka alfajiri, mbuzi nyuma, samli katikati. Mpaka Hola Yarrow alikuwa amekaza mguu sakafuni anatafuta breki isiyokuwepo. Barabara ilikuwa na mashimo yake ya kawaida, gari likayapanda na kuyashuka bila kumrusha mtu dirishani. Walipoipita Hola akasema, bila kugeuza uso:

"Kila safari nilikuwa naogopa, Ubah. Kila safari. Nilikuwa naona tutakufa, na wewe umekaa pembeni yangu. Ningekupaje kitu kama kile ushike?"

Yarrow hamwiti mkewe kwa jina lake mbele ya watu, na hata wakiwa wawili ni nadra. Ubah akamwambia angesema tu, siku ya kwanza. Yarrow akakubali kwamba angesema. Kabla ya Bura Ubah akasikia mkoromo. Akatazama: kilemba kimeangukia mapajani, mdomo wazi, mguu umelegea. Mtu huyu tangu anunue gari hajawahi kufumba macho ndani yake. Ubah akapunguza mwendo kwenye kila tuta asije akamwamsha.

Madogo, Farhiya alisikia honi akatoka mbio na kichanga kwenye shuka, moja kwa moja upande wa dereva, maana alitaka baba yake awe wa kwanza kumpakata. Mlango ukafunguka, akashuka mama yake. Farhiya akaganda, akatazama usukani, akamtazama mama, akatazama usukani tena. Kisha akamweka mtoto mikononi mwa aliyeendesha.

Kwenye kiti cha kushoto Yarrow alikuwa bado amelala.